Kunyoosha kidole gumba bila kuua kichwa cha mfupa: mwongozo wa kulinda damu kwenye upasuaji wa kinundu

Mwongozo huu nawaandikia madaktari watarajali, tabibu na manesi wa thieta wanaopita idara ya mifupa hapa Dodoma, na yeyote anayeshika ritrakta (chombo cha kuvuta nyama kando) kwa mara ya kwanza kwenye upasuaji wa kinundu cha kidole gumba cha mguu. Maneno haya nimeyasema kwa mdomo, glavu zimelowa, mpaka sista mmoja akaniambia, "Daktari, si uyaandike tu tukusomee wakati unanawa." Basi nimeyaandika.

Kinundu ninachokisema ni ile kona ya mfupa inayochomoza ubavuni mwa mguu, penye shina la kidole gumba, huku kidole chenyewe kikilalia cha pili. Wagonjwa wengi wanadhani ni nyama iliyoota. "Nikatie tu hiki," wanasema. Si nyama. Metatasali ya kwanza, ule mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba ambao mwisho wake wa mbele ndio kichwa, imeenda huku, kidole kimeenda kule, na pale vilipoachana pamebaki kona. Ukiikata kona peke yake, viatu vitamwingia kwa muda, kisha kidole kitaendelea na safari yake. Ndiyo maana tunakata metatasali yenyewe karibu na kichwa, tunakisogeza kichwa kuelekea kidole cha pili na kukifunga hapo kwa skrubu. Kwa kinundu kidogo au cha wastani, mkato unaotumika sana ni wa V iliyolala, uitwao chevroni.

Kwa maneno mengine, umekiondoa kichwa cha mfupa mahali pake ukakirudisha hatua chache pembeni, na unategemea kitaendelea kula. Kitakula nini?

Kabla ya kisu: jua damu inaingilia wapi

Mashamba ya zabibu ya Makutupora yanayomwagiliwa kwa matone yana bomba kubwa linaloleta maji, na vijibomba vyembamba vinavyopita kwenye mashina. Metatasali ya kwanza imejengwa karibu hivyo. Ateri moja kubwa inaingia ndani ya mfupa katikati ya mwili wake, upande unaotazama kidole cha pili, kisha inatuma tawi mbele hadi kichwani. Hilo ndilo bomba kubwa, na mkato wa chevroni unalikata. Hakuna ujanja wa kulikwepa, kwa hiyo usipoteze muda kulisikitikia.

Baada ya hapo kichwa kinaishi kwa vijibomba. Ateri tatu zinakutana kuizunguka shingo ya mfupa: metatasali ya kwanza ya juu, metatasali ya kwanza ya chini, na tawi la juujuu la ateri ya unyayo ya upande wa ndani. Zinasuka wavu, na kutoka kwenye wavu huo vimishipa vinatoboa mfupa nyuma kidogo ya mahali kapsuli ya kiungo (mfuko unaokizunguka) ilipojishika. Vingine vinaingilia juu. Lakini kundi nene kuliko yote linaingilia kwenye kona ya chini, upande wa kidole cha pili. Nikikuuliza usiku wa manane kona isiyoguswa ni ipi, nijibu hiyo: chini, kidole cha pili.

Sasa hesabu. Watafiti waliopima kwa leza mtiririko wa damu ndani ya kichwa hicho wakati upasuaji ukiendelea, matokeo yakachapishwa mwaka 2005, walikuta kufungua kapsuli upande wa kinundu peke yake kunapunguza damu kwa 45%. Kulegeza nyama za upande wa kidole cha pili kuliongeza 13%, na mkato wa mfupa 13% nyingine. Jumla 71%. Yaani hata mikono ikiwa mizuri, kichwa kinatoka thieta na chini ya theluthi ya damu yake. Vichwa vingi huishi kwa kiasi hicho. Ila hakuna akiba ya kuchezea, na kila kitu unachokichubua "ili nione vizuri" kinatoka kwenye hiyo theluthi.

Hatua ya 1: kliniki

Kabla ya kuitazama eksirei, weka vidole juu ya mguu utafute mapigo, kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani. Yasiposikika, acha habari ya kinundu. Mgonjwa aende akapimwe mishipa kwanza.

Uliza sigara, na hapa kwetu uliza pia ugoro. Mzee atakuambia havuti, naye anasema kweli, huku kikopo cha ugoro kiko mfukoni. Nikotini inabana mishipa midogo bila kujali imeingilia puani au mapafuni, na mishipa midogo ndiyo tunayoitegemea. Ninaomba waache wiki nne kabla, na wasirudie mpaka mfupa ushike. Wenye kisukari, sukari itulie kwanza. Upasuaji huu hauna dharura, kinundu kilichokaa miaka kumi kitasubiri miezi miwili.

Eksirei ipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Ya kulala inadanganya, pembe zinaonekana ndogo. Kawaida pembe ya kidole gumba na metatasali yake haizidi nyuzi 15, na kati ya metatasali ya kwanza na ya pili haizidi 9. Pembe hii ya pili ikivuka 15 au 16, usilazimishe chevroni. Utajikuta unasogeza kichwa kupita uwezo wake, na ili kisogee utakwangua kila kilichokishika. Hapo chagua mkato wa shinani, au kuunganisha kiungo cha nyuma kabisa cha metatasali. Mikato ile iko mbali na vijibomba vya kichwani. Nimewahi kusikia daktari akisema chevroni inafaa kwa kila mguu, na sikumwelewa.

Hatua ya 2: ngozi

Chale moja ubavuni, upande wa kinundu, sentimita nne hadi tano, pale ngozi ya juu ya mguu inapokutana na ya unyayo. Linda neva ndogo inayopita juu kidogo ya hapo. Usitenganishe ngozi na nyama kwa mapana. Teremka moja kwa moja hadi kwenye kapsuli.

Hatua ya 3: kapsuli

Hapa ndipo ile 45% inapotokea, na ndipo wengi wanapoongeza yao bila kujua. Fungua kwa mstari mmoja wa urefu, au umbo la L. Inua kapsuli kiasi cha kuona kinundu na katikati ya kichwa, ukomee hapo. Juu ya shingo, acha utando wa mfupa ukae ulivyo. Chini ya shingo, upande wa unyayo, usiingize elevata (chombo bapa cha kubandua utando wa mfupa) kabisa. Wanafunzi wanapenda kuzungusha ritrakta mbili za Hohmann, moja juu na moja chini, mfupa ubaki wazi kama muwa uliomenywa. Picha inapendeza, ila kila ulichomenya kilikuwa kijibomba.

Kinundu kikatwe kidogo, milimita moja au mbili pembeni ya mfereji ulioko kichwani, sambamba na ubavu wa mguu. Ukikata kingi, kichwa kinakuwa chembamba, na mahali pa kukisogeza na kukifunga panapungua.

Niseme lililonikuta. Mwaka wangu wa kwanza kufanya upasuaji huu peke yangu, hospitali nyingine, si hapa, nilimpasua mama mmoja muuza vitenge. Nilikuwa na hofu ya kutoona, nikamenya juu na chini. Nikafungua chale ya pili kati ya vidole kulegeza upande ule, nikafuata shingo ya mfupa nyuma zaidi ya nilivyohitaji. Msumeno ukapenya upande wa pili mara mbili. Eksirei ya siku ile ilikuwa safi sana, niliionyesha watu. Miezi mitano baadaye akarudi kwa fimbo. "Daktari, kinundu sikioni. Lakini mwanangu, huu mguu sasa unaniuma hata nikiwa nimelala." Kichwa cha mfupa kilikuwa cheupe kwenye filamu, kimebonyea juu kama yai lililogongwa. Tulimaliza kwa kugandisha kiungo, yaani kuunganisha mifupa yake isikunjike tena. Nikitafuta ni kosa gani moja lililokiua, silipati. Kila moja peke yake kichwa kingelistahimili.

Hatua ya 4: kulegeza upande wa kidole cha pili

Taarifa moja ya mwaka 1985 iliwatia watu hofu na hatua hii. Ilisema vichwa vilivyoonyesha dalili za kufa baada ya chevroni vilikuwa 20%, na pale upande huu ulipolegezwa pia, 40%. Miaka mingi watu wakaogopa kuugusa, vidole vikarudi kupinda. Tafiti zilizofuata zilikuta viwango vya chini mno, na kulegeza kwenyewe hakukuonekana kuwa muuaji. Naamini kinachoua ni kulegeza kwa fujo.

Kwa hiyo ukihitaji, legeza. Pitia ndani ya kiungo au chale ndogo kati ya kidole cha kwanza na cha pili, vyote vinakubalika. Kata ligamenti inayoshikilia kijiwe cha sesamoidi (kimfupa kidogo chini ya kichwa) cha upande ule, kisu kikilala sambamba na unyayo, juu ya kijiwe. Achia kano ya msuli adakta, unaovuta kidole gumba kuelekea cha pili, kwenye kijiwe na shina la kidole. Ikibidi, toboa kapsuli kwa ncha ya kisu usawa wa kiungo, kisha kivute kidole taratibu kirudi. Ncha ya kisu isirudi nyuma kuelekea shingoni. Ukiona umefika penye mafuta ya njano nyuma ya kapsuli, umeshapita mpaka, na ile kona iko milimita chache tu. Usichome kwa dayathemi (kifaa cha umeme cha kuzima damu) eneo hilo. Damu kidogo ikitoka, bana kwa shashi na usubiri.

Hatua ya 5: msumeno

Weka K-waya (waya wa chuma wa kutoboa mfupa) nyembamba katikati ya kichwa, kama sentimita moja kutoka kwenye gegedu, ikielekea upande wa pili. Hiyo ndiyo ncha ya V yako, na ndiyo itakayozuia msumeno usikate kupita kona. Pembe ya V kwa desturi ni nyuzi 60. Lakini mkono wa chini wa V urefushe na uulaze, utokee nyuma ya mahali kapsuli ilipojishika chini ya shingo. Ukiufanya mfupi, unakata katikati ya lile kundi nene la vimishipa. Ukiufanya mrefu, kundi zima linabaki limeshikamana na kichwa na linasafiri nacho. Ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kubadilisha kwenye mkono wa daktari kijana, ningechagua huo mkono mrefu wa chini.

Ubapa wa msumeno uwe mpya na mwembamba. Ulio butu hukata kwa joto, na mfupa ukifika nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja, chembe zake zinaanza kufa hata kama damu ipo. Nesi anayesaidia asimame na bomba la sindano la mililita 20 amwagie maji ya chumvi kwenye ubapa muda wote, si pale tu anapoona moshi. Kata kwa vipindi: sukuma, toa, maji, sukuma. Nikisema "maji" mara ya pili, ujue umechelewa.

Sasa ukuta wa pili. Ubapa unapokaribia ukuta wa mfupa wa upande wa kidole cha pili, sauti inapanda na mkono unahisi ugumu umerudi. Hapo punguza. Ukuta ukiachia, msumeno uwe tayari umesimama, usiwe unaingia. Nyuma ya ukuta huo hakuna nafasi, vimishipa vimelala juu ya mfupa.

Haya hayafundishiki kwa kuandika, kwa hiyo nenda Soko la Majengo asubuhi ununue kongoro la ng'ombe. Lisafishe, lifunge mezani, nyuma ya mfupa bandika puto lililopulizwa kidogo. Kata kwa msumeno wa fundi wenye ubapa unaotikisika. Wa thieta usiuguse, sista atakufukuza na atakuwa na haki. Puto likipasuka, umeua kichwa. Mtarajali mmoja alipasua maputo sita kabla la saba halijapona, tukalitundika ukutani chumba cha chai. Kongoro mlipike baadaye, ila lioshwe chembe za mfupa vizuri.

Hatua ya 6: kusogeza na kufunga

Vuta kidole mbele kidogo, sukuma kichwa kwa dole gumba kuelekea kidole cha pili. Milimita moja inapunguza kama nyuzi moja ya pembe kati ya metatasali. Usizidi nusu ya upana wa mfupa. Kisiposogea, usiingize elevata ndani ya mkato kukikwanyua, maana ndivyo unavyokata nyuzi za mwisho. Mara nyingi kinachozuia ni mkato usiofika mwisho upande mmoja. Rudi na ubapa, malizia taratibu.

Funga kwa skrubu moja ya milimita 2.5 hadi 3, kutoka juu nyuma kwenda chini mbele. Pima urefu mara mbili ili ncha isitokeze kiungoni. Skrubu zikikosekana, K-waya inafanya kazi. Kinachotakiwa ni utulivu, kwa sababu vimishipa vipya haviwezi kuvuka ufa unaotikisika. Kipande cha mfupa kilichobaki kimechomoza nyuma ya mkato, kipunguze.

Hatua ya 7: achia tonikiti kabla ya kufunga ngozi

Hapa nina ugomvi na wenye haraka. Ukishona kwanza na kuachia tonikiti (mkanda unaobana mguu kuzuia damu wakati wa upasuaji) baada ya bendeji, umejinyima taarifa pekee utakayoipata leo. Achia kidonda kikiwa wazi, kitazame.

Dakika ya kwanza kidole ni cheupe. Usiongee. Kisha wekundu unapanda kutoka shinani, kwanza kama doa, kisha ukucha wote. Bonyeza ukucha, achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili hadi tatu. Halafu tazama ukingo wa mfupa ulioukata upande wa kichwa. Nukta nyekundu zikijitokeza taratibu kama umande, sista akisema "naona, Daktari", ndiyo furaha ya siku. Zisipoonekana haimaanishi kimekufa, lakini huyo mgonjwa muandikie jina kwenye daftari lako na umfuatilie karibu zaidi. Kidole kizima kikibaki cheupe baada ya dakika kumi, legeza kapsuli uliyoikaza, angalia kama umekinyoosha kupita kiasi, mtaalamu wa usingizi apandishe presha kama imeshuka.

Zima mishipa inayovuja ngozini tu. Shona kapsuli bila kuibana kama kamba ya kiatu.

Hatua ya 8: wodini na nyumbani

Bendeji ishike kidole bila kukikaba. Mguu uwe juu ya usawa wa moyo siku mbili tatu za mwanzo. Asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma vidole hupoa, kwa hiyo funika kwa soksi pana. Chupa ya maji ya moto marufuku, ganzi ikiwa bado ataungua bila kujua.

Mgonjwa wa Kondoa, Mpwapwa au Singida usimruhusu apande basi siku ya pili mguu ukining'inia saa kadhaa. Alale kwa ndugu mjini, au akate siti mbili. Atembee kwa kisigino, kwa kiatu cha soli ngumu, wiki sita. Yeboyebo haifai, soli inakunjika. Katambuga nzito ya tairi, cha ajabu, haikunjiki. Nimewaruhusu wazee wawili waitumie, mikanda ikiwa imelegezwa na jeraha limepona. Nyuzi hutoka wiki ya pili, na kidole kianze kukunjwa na kunyooshwa polepole mara jeraha linapotulia, ili kiungo kisigande.

Ratiba ya eksirei: wiki ya 6, mwezi wa 3, wa 6, na mwaka. Wa wiki ya 6 wote huja. Wa mwezi wa 3 na wa 6 hawaji kwa sababu hawaumwi, au kuna mavuno, na ndiyo miezi yenye habari. Tafuta kichwa kilicho cheupe kuliko mfupa unaokizunguka, madoadoa au vishimo, mstari chini ya gegedu, na mwisho kubonyea. Madoadoa peke yake bila maumivu mara nyingi hupita. Mpunguzie uzito juu ya kidole, rudia picha baada ya wiki sita, usimtie hofu. Maumivu mapya yasiyoeleweka huku eksirei haisemi kitu, omba MRI. Kwa hapa ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, na muandikie kwenye fomu aina ya skrubu uliyoweka, maana chuma hutia kivuli kwenye picha.

Mimi huwa naomba namba mbili za simu: ya mgonjwa na ya mtu anayekaa naye. Mwezi wa tatu ukifika, napiga ya pili, kwa sababu mgonjwa mwenyewe atajibu "sijambo, Daktari", ila binti yake atasema bibi sasa hivi hasuki ukili tena kwa kuwa hawezi kukaa na mguu umekunjwa. Huyo mwite kesho yake.